Shemasi na Lori Lililoungua

Ukitaka kubishana na Shemasi, ilikubidi kwanza useme kama uliona au unadhani. Walioona walisimama. Waliodhani walikaa chini, hata wakiwa wazee wenye fimbo. Nimemwona akimkalisha mchungaji msaidizi kwenye gogo la mkaratusi nje ya kibanda cha video pale Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mbele ya wanawake waliotoka kanisani.

"Uliona, ao unazani?"

"Nazani, mama."

"Basi ikala."

Mchungaji msaidizi akakaa kweli, magoti yakimfika karibu na kidevu.

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kumwita nalo. Sisi sote tulimwita Shemasi, hata waliosali makanisa mengine, hata wauza nguo wa sokoni ambao hawakuwa na kanisa lolote. Tuliendelea kumwita hivyo hata baada ya kanisa kumvua ushemasi, na katika kuvuliwa huko nina sehemu yangu, nami nitaieleza nikifika hapo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na miguu yake mikubwa haikuingia katika viatu vya wanawake, kwa hiyo alivaa ndala za kiume hata siku ya meza ya Bwana. Alipokuja kwako hakubisha hodi mara mbili. Alibisha mara moja, akakaa kwenye kigoda chako, akaanza kuchambua maharage yako kana kwamba alitumwa. Hakupenda kulia mbele ya watu. Mtoto akifiwa na kuku wake, hata hivyo, Shemasi alilia pamoja naye.

Mambo yake mengine hayakupatana. Aliwakemea wasichana wa kwaya kwa kusuka nywele ndefu, lakini aliacha kupika ili asikose filamu. Watu wa kwenye televisheni walipobusiana alijifunika uso kwa kitenge, kisha akamuuliza jirani kwa sauti ya chini, "Bamemaliza?" Alijua vizuri kwamba wale ni waigizaji, wanalipwa, wana nyumba zao kwingine. Alituambia hivyo mara nyingi. Lakini katika maombi ya Jumatano alimtaja mke wa yule mtu wa lori wa kwenye filamu, akamwombea ajifungue salama, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Mwenye kibanda alikuwa Mnyankore aliyekuja na mitambo yake kutoka Mbarara, mtu mpole mwenye haraka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kambi za jeshi, lakini tulielewana. Jumapili moja alikuwa ameanza filamu wakati mama mmoja alipofika mlangoni, amechelewa, jembe begani, matope mpaka magotini. Shemasi akasimama katikati ya kibanda.

"Simamisha."

"Mama, mashini hapana ngoja mtu moja."

"Itangoja. Huyu ametoka ku shamba tangu asubuhi. Tutamwelezea kwanza fasi tumefika, kisha utaendelea."

"Watu watakasirika!"

"Nani amekasirika?" Shemasi akageuka kutuangalia. Hakuna aliyekasirika. Filamu ikasimama, mama yule akaweka jembe ukutani, tukamweleza yote kuanzia mwanzo, tukisahihishana. Tangu Jumapili hiyo mwenye kibanda hakuanzisha filamu bila kuchungulia kwanza njia ya mashambani.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mfululizo, ya familia moja yenye kiwanda cha chai katika nchi ya milima. Walisema Kiingereza, na juu ya sauti zao alirekodiwa mkalimani aliyepiga kelele kwa Kiganda. Wanawake wa Juru, wengi wetu tuliotoka Kivu ya Kusini, hatukujua Kiingereza wala Kiganda. Lakini mimi nilikuwa nimeshona kwa fundi mmoja mjini Mbarara karibu miaka miwili, na masikio yangu yalishika Kiganda cha wateja. Basi nilikaa benchi la mbele nikawatafsiria wenzangu kwa Kiswahili chetu. Hiyo ilikuwa heshima kubwa. Waliniachia nafasi hata nikichelewa.

Kulikuwa na ndugu wawili. Mkubwa alikuwa mwema, tukamwita Kaka Mkubwa. Katika sehemu ya mwisho tuliyoletewa, alipakia chai kwenye lori akashuka mlimani, breki zikakataa, lori likaanguka bondeni na kuungua. Tuliona moto. Tuliona mwanamke mwenye kitambaa cha njano amesimama kando ya barabara, akitazama. Tuliona baba yao akimpa wakili bahasha iliyofungwa. Tulimwona mke wa Kaka Mkubwa, tumbo kubwa, akimfungulia polisi mlango. Polisi akavua kofia, akasema neno moja, na maandishi yakaanza kupanda. Kwisha.

"Amesema nini?" wakanipigia kelele wote.

Polisi alikuwa amesema, "Bado tunatafuta." Ndivyo nilivyosikia. Lakini mdomo wangu ukasema, "Amesema hayumo katika waliokufa."

Kibanda kikalipuka kwa vigelegele. Shemasi hakupiga kigelegele. Aliniangalia kwa muda mrefu kutoka benchi la nyuma.

Diski za sehemu iliyofuata hazikuja. Mwenye kibanda alizitafuta Mbarara, akarudi mikono mitupu. "Filimu imeisha, bamama. Mimi nitatoa wapi ingine?" Kwa hiyo tukabaki na maswali yetu, na tukakaa nayo karibu miaka miwili. Tuliyabeba bombani, shambani, kwenye foleni ya kusaga mahindi. Nani alikata breki? Ndani ya bahasha kulikuwa na nini? Mama mmoja aliapa kwamba mdogo mtu ndiye mwenye hatia, kwa sababu hakumaliza chakula chake asubuhi ile. Mwingine alisema bahasha ina urithi wa mtoto wa nje. Wanaume waliojifanya hawajali walisimamisha baiskeli zao kutuambia kwamba lori la aina ile haliungui upesi hivyo. Na karibu wote tulikubaliana juu ya mwanamke wa kitambaa cha njano: yeye alimtoa Kaka Mkubwa kwenye moto, akamficha kwake, anamuuguza, naye amepoteza kumbukumbu. Siku yoyote atakumbuka njia ya nyumbani.

Shemasi peke yake alisema amekufa.

"Tuanze na ile tuliona," alisema, akihesabu kwa vidole. "Tuliona anaingia mu lori. Tuliona lori inaanguka. Tuliona moto. Nani aliona anatoka? Asimame."

Hakuna aliyesimama.

"Amekufa. Bibi yake alie, kisha atafute namna ya kulea mutoto."

Walimzomea. Mwanamke mmoja alimmwagia maji miguuni pale bombani, akasema mkono uliteleza. Shemasi akakung'uta ndala zake, akarudia, "Amekufa," akajaza kibuyu chake na kuondoka.

Nilimchukia. Ni lazima niseme kwa nini. Mume wangu, Baba Neema, alitoka nyumbani na baiskeli katika vita vya pili vya Kongo kwenda kutafuta chumvi, Neema akiwa bado ananyonya, na hakurudi. Hakuna aliyeniambia amekufa, hakuna aliyeniambia yu hai. Nilivuka mipaka nikiacha jina langu kila mahali ili anifuate. Pale Juru, Baraka, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa ameniuliza mara mbili kama naweza kuolewa naye, kwa adabu, akimtuma dada yake. Mara mbili nilijibu kwamba nina mume. Basi mtu akisimama mbele ya watu kusema yule wa lori amekufa, mimi nilisikia Baba Neema amekufa. Na sikuwa peke yangu. Kwenye mabenchi yale hakukuwa na mwanamke ambaye hakuwa na mtu wake aliyebaki njiani.

Shemasi naye alikuwa na wake. Walipotezana na mume wake mwaka wa tisini na sita, watu walipokimbia kwa makundi mawili. Alimngoja miaka tisa. Kila jioni alimwekea chakula, akakifunika kwa sahani. Mwaka wa tisa akaja mkimbizi mpya kutoka kijijini kwao, mtu aliyekuwa amemzika mume huyo kwa mikono yake wiki ya kwanza ya vita. Habari hizo zilikuwa zimefika Nakivale zamani. Wazee watatu wa kanisa walizijua, wakanyamaza kwa kumwonea huruma. Hakuwasamehe. Aliwasalimu, aliwapikia kwenye sherehe, lakini hakuwasamehe, na aliwaambia hivyo.

"Miaka tisa munaniona napikia mutu wa mu udongo," aliwaambia, "na munapita tu, munasema, mama, harufu nzuri."

Mimi nilijua haya yote, na bado nilikwenda kwa mchungaji. Nilimwambia kwamba Shemasi anawavunja moyo wanawake, anawaua watu walio hai kwa mdomo wake, na kwamba shemasi wa kanisa hana kazi katika maneno ya filamu. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakaa benchi la mbele.

Baraza la kanisa lilimwita Jumatano mchana. Madirisha hayakuwa na vioo, na sisi wanawake tulisimama nje tukisikia kila neno. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole.

"Mama, batu bako na tumaini. Usibakatie."

"Mimi sikusema bwana ya mutu hata mumoja. Nilisema ule wa filme."

"Banasikia ya kwao."

"Ndio vile banasikia. Mimi nifanye nini? Niseme niliona kitu sikuona?"

"Sema haujue. Ni hiyo tu tunakuomba. Sema haujue, na uombe bamama musamaha Siku ya Mungu, mu ibada."

Mimi niliegemea ukuta wa udongo; nilitaka aseme, na papo hapo niliogopa asije akasema.

"Ninajua," Shemasi akasema. "Ninyi mulijua ya bwana yangu na mukasema hamujue. Miye siwezi."

Alivua kitambaa cheupe cha mashemasi kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka mezani mbele yao. Mzee mmoja akamwambia kwamba basi asiguse tena kazi yoyote ya kanisa.

"Nitafagia," alisema. "Mufagio haukutoka kwenu."

Jumamosi alikuja kufagia kanisa kama kawaida, kichwa wazi, nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko tulivyodhani. Alifanya hivyo kila Jumamosi. Hakuna aliyemzuia.

Karibu miaka miwili ikatimia tangu lori lile liungue, na siku moja mwenye kibanda akaja na pikipiki akipiga honi tangu mbali. Diski zilikuwa zimepatikana. Jumapili ile kanisa liliisha mapema kuliko siku zote. Kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Shemasi alikuja, akakaa benchi lake la nyuma. Mimi nilikaa mbele.

Hatukungoja sana. Mke wa Kaka Mkubwa alikuwa anamwogesha mtoto. Mlango ukafunguka. Kaka Mkubwa akaingia.

Sijui kama nitaweza kuieleza kelele ile. Wanawake walirukiana shingoni. Mwingine alivua kitenge akakizungusha hewani. Watu walilia wakitaja majina yasiyo ya kwenye filamu kabisa. Mwenye kibanda akasimamisha mashine bila kuambiwa, akacheka, akapiga makofi. Kisha kichwa kimoja baada ya kingine kikageuka nyuma kumtafuta Shemasi.

"Haya! Sasa tuliona! Simama, Shemasi!"

Akasimama. Nilidhani ataomba radhi, au atatoka.

"Bamedanganya," alisema.

Kicheko kilitikisa mabati.

"Chekeni. Moto ule tuliuona sisi wote. Kovu yake iko wapi? Angalieni mukono yake, angalieni uso. Shati ni nyeupe, imepigwa pasi. Miaka mbili mu moto na mu porini, na nywele bamemukata jana? Ule aliyeandika hii filme aliogopa kelele yenu. Mimi sikuiogopa, na sitaiogopa leo."

"Umeshindwa, mama!" mwanaume mmoja akapaza sauti.

"Nimeshindwa na nani? Wewe uliandika?"

Alikaa akaitazama filamu mpaka mwisho, mikono imekunjwa. Wengine walimtupia maganda ya karanga. Hakuyapangusa.

Mimi nilitafsiri kila neno siku hiyo bila kuongeza wala kupunguza. Lakini nilipomwona Kaka Mkubwa amesimama pale mlangoni na shati lake safi, sikufurahi. Nilingoja furaha ije, haikuja. Nilikasirika. Nilimtazama mtu yule mnene, mwenye afya, akimbeba mtoto ambaye hakulia hata kidogo kwa kumwona mgeni, na nikajua kwamba mimi mwenyewe siamini. Si kurudi kwake tu, hata kurudi kwa Baba Neema.

Siku ya tatu nilimfuata Shemasi shambani. Alikuwa anapalilia maharage, ameinama, hakuinuka.

"Shemasi, ni miye nilikushitaki ku baraza."

"Nilijua. Chukua jembe ile ingine."

Nikachukua jembe. Tulilima mistari miwili. Kisha nikamwambia na lile la polisi, kwamba nilibadilisha maneno.

"Hiyo pia nilijua. Polisi hawezi kuvua kofia juu ya mutu mwenye yuko muzima."

Nikashindwa kulima. Nilisimama nimeshika mpini.

"Nataka kufanya matanga ya Baba Neema," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema maneno hayo, na niliyasema haraka.

Hapo ndipo alipoinuka. Hakunikumbatia. Alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Uliona?"

"Sikuona."

"Basi unajua hiyo si sawa na ya filme. Mimi sijue kama bwana yako alikufa. Sikusemaka hata siku moja."

"Ninajua. Lakini nimechoka kumungoja. Na kama yuko muzima?"

Alifikiri. Alichukua muda wake, kama mtu anayechagua mbegu.

"Kama yuko muzima atakuja, atakuta tumelia. Tutamupa chakula, atakula matanga yake yeye mwenyewe. Bila aibu."

Mchungaji alisita. Alisema hakuna mwili, hakuna shahidi, kanisa halina utaratibu wa msiba wa namna hiyo. Shemasi akamjibu kwamba sisi tutalia, na kama kanisa likipata utaratibu litatukuta. Tulikaa chini kwenye mkeka siku tatu, nyumbani kwangu. Siku ya kwanza walikuja wanawake wanne. Siku ya pili hakukuwa na nafasi ya kuweka mguu, na mama yule aliyemwaga maji bombani ndiye aliyepika ugali. Walileta majina yao wenyewe. Mmoja alisema, naomba tumlilie na kaka yangu. Mwingine akasema, na mimi mama yangu. Shemasi aliwauliza kila mmoja kama aliona au hakuona, si kwa kuwakalisha, ila ili tujue tunalia namna gani. Siku ya tatu mchungaji akaja na Biblia yake, akakaa pale pale chini, akaomba.

Watu walipotawanyika, Neema aliniuliza, "Mama, sasa ku shule naweza kusema baba alikufa?" Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Miaka yote walimu walipomuuliza alikuwa akijibu kwamba baba yuko safarini, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Nikamwambia aseme kwamba baba alipotea vitani na sisi tumemlilia. Akayarudia maneno hayo polepole, akiitikia kwa kichwa.

Mwaka uliofuata niliolewa na Baraka. Tulihamia Biharwe, kando ya barabara kuu ya Masaka, yeye na mashine yake, mimi na cherehani yangu. Mpaka leo hakuna aliyeniletea habari za Baba Neema. Kanisa la Juru lilimrudishia Shemasi kitambaa chake. Alikipokea, akakitumia kufunikia mkate.

Mara ya mwisho nilimwona mjini Mbarara, pale Ruharo, katika hospitali ya wamisionari, mwaka wa elfu mbili na kumi na tano. Walikuwa wamempasua jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa linangoja zamu. Nilimpelekea uji. Nilimkuta kitandani, bandeji nusu ya uso, akibishana kwa Kiswahili na wanawake wawili Wanyankore ambao hawakukijua vizuri. Hawakuwa wakielewana hata kidogo, na wote watatu walikuwa wanafurahi.

"Huyu ni mama yako?" mmoja wao akaniuliza.

Shemasi akajibu kabla yangu. "Huyu alinichukia miaka mbili. Alinichukia muzuri, hakufichaka."

Alikunywa uji wote. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: alipoletewa habari za mume wake baada ya miaka tisa, je, moyo wake ulipata kupumzika?

"Hapana," alisema. "Nilikasirika. Niko nakasirika mpaka leo."

"Na haichoshi?"

"Inachosha. Lakini ni yangu. Ile kungoja haikuwa yangu, bengine ndio balinipa."

Saa ya wageni ilikwisha. Niliaga, nikachukua birika langu. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia ndala zikiburuzwa sakafuni. Alikuwa ameshuka kitandani, ameshika ukuta kwa mkono mmoja.

Nesi akaja mbio. "Mama! Wewe hapana toka! Dakitari amekataa. Lala!"

"Nasindikiza mugeni."

"Hapa ni hospitali, hakuna kusindikiza!"

"Kwetu mugeni hatokeaka peke yake," Shemasi alisema, na aliendelea kutembea. Nesi alimshika kiwiko akitaka kumrudisha, kisha, alipoona hawezi, akakishika ili asianguke. Tulikwenda hivyo watatu, hatua kwa hatua, ukumbi mzima, ngazi mbili, uwanja wa changarawe, mpaka langoni. Jua lilikuwa kali. Alilikunjia lile jicho lake moja, akamtafuta mwenye bodaboda kati ya pikipiki zilizokuwa zimepangwa, akamnyooshea kidole kijana mmoja.

"Wewe. Unaendesha pole pole. Huyu ni mutu yangu."

Nilipanda. Nilipogeuka, nesi alikuwa anamvuta kwa upole arudi ndani, na yeye bado amesimama katikati ya lango, akizuia gari lililotaka kuingia, akinitazama mpaka tukapinda.